Chevelle ya 1969: pedali ya breki ngumu kama jiwe baada ya kuweka injini kubwa. Ninunue diski za inchi 14?

Nyumba_ya_V8

Habari zenu wadau. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na yale magari ya misuli ya Kimarekani, hasa yale ambayo hayako tena kama yalivyotoka kiwandani.

Nina Chevrolet Chevelle ya 1969, milango miwili. Lilitoka na V8 ya 307 (inchi za ujazo) na breki za dramu za inchi 9.5 magurudumu yote manne, bila busta (kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma breki). Sasa lina 454 yenye kamshafti kali (mhimili unaofungua valvu za injini), gia otomatiki, stelingi ya pawa, na ule mdundo wa kusuasua unaofanya kioo cha ndani kitetemeke likiwa limesimama. Ule mdundo naupenda kupita kiasi, sikatai.

Pamoja na injini nilifunga seti ya breki za diski za mbele: diski za inchi 11, kalipa (vibanio vya pedi) za pistoni moja, busta ya inchi 7 yenye kiwambo kimoja (kubwa zaidi ya hapo inagonga kifuniko cha valvu), masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali) ya inchi 1 na 1/8, pamoja na valvu ya kugawa presha kati ya mbele na nyuma. Nyuma zimebaki dramu zilezile. Upepo umetolewa wote, hakuna panapovuja, pedali inakamata juu kabisa.

Tatizo ni ugumu. Nikiwa kwenye mwendo mkubwa, nikaachia mafuta na kukanyaga mara moja, gari linashika vizuri tu. Lakini nikikanyaga, nikaachia, nikakanyaga tena papo hapo, au nikiwa natambaa kwenye foleni, ni kama busta imeenda likizo. Nanyanyuka kwenye kiti, nasukuma kwa mguu mzima, na gari bado linasogea. Mke wangu ameshatangaza kwamba hapandi tena mpaka lipone.

Nimeona seti ya kalipa za pistoni 6 na diski za inchi 14. Rimu zangu za inchi 15 haziwezi kupita juu ya kitu hicho, kwa hiyo itabidi ninunue na rimu za 18. Ndiyo dawa yenyewe? Au nianze na diski za nyuma?

Kasuku_Turbo

Nunua, usijiulize mara mbili. Umeweka 454 halafu unasimamisha kwa vitu vya enzi za babu? Pistoni 6 mbele, 4 nyuma, dramu peleka makumbusho. Na hizo rimu za 18 zitalifanya gari lionekane la maana.

MamaGereji

Mwanangu, shika pochi yako kwanza.

Umejieleza vizuri, na jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Gari linashika ukitoka kwenye mwendo na kuachia mafuta, halafu linakataa kwenye foleni. Diski ni zilezile, pedi ni zilezile. Kinachobadilika hapo ni vakyumu, yaani mfyonzo wa injini, unaokwenda kwenye busta na kuipa nguvu.

Kamshafti kali inaacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu. Injini ikizunguka polepole, moshi unarudi nyuma kwenye manifoldi (njia ya hewa ya kuingia kwenye silinda) na uwezo wa kufyonza unapotea. Huo mdundo unaoupenda ndiyo sauti ya vakyumu inayopotea. Lakini ukiwa kwenye mwendo na kabureta limefungwa, injini inazungushwa kwa nguvu na gari lenyewe na haina pa kupumulia, hivyo inafyonza sana. Busta inajaa, valvu yake ya upande mmoja inazuia isitoroke, na mkanyago wa kwanza unaupata mtamu. Ukikanyaga tena unakuta ghala tupu.

Busta za namna hiyo zinataka vakyumu ya inchi 18 hivi za zebaki (kipimo cha geji) ili zifanye kazi yake. Zikishuka chini ya 15 mguu unaanza kulalamika.

Kabla hujanunua hata nati, nifanyie mambo matatu uje na majibu:

Kwanza, chukua geji ya vakyumu uichomeke kwenye mpira uleule unaokwenda kwenye busta, usichukue sehemu nyingine. Injini iwe imepata moto. Soma ikiwa kwenye P, halafu mtu akae ndani aiweke kwenye D huku ameshikilia breki, magurudumu yamewekewa vizuizi. Namba ya D ndiyo ya kweli, kwa sababu ndiyo unayoishi nayo kwenye foleni. Angalia pia huo mpira umetokea wapi. Uanzie kwenye chumba cha pamoja cha manifoldi au nyuma ya kabureta kwenye tundu kubwa, usianzie kwenye njia ya silinda moja, na uwe mpira mnene wa vakyumu. Mpira wa mafuta unanywea ukifyonzwa.

Pili, zima injini, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, endelea kuibana kwa mguu, halafu washa. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama kabisa, busta au ile valvu yake imekufa na mjadala unabadilika.

Tatu, lala chali chini ya dashibodi na tochi. Tazama fimbo inayotoka kwenye busta imefungwa wapi kwenye mkono wa pedali. Pedali nyingi za General Motors za miaka hiyo zina matundu mawili, moja juu ya jingine, yametengana kama inchi moja. Niambie fimbo yako iko tundu lipi.

Kasuku_Turbo

Mama, kwa heshima zote, pistoni 6 si zinabana zaidi ya moja?

MamaGereji

Swali zuri, na ndipo watu wanapolizwa.

Kalipa ya pistoni moja ni ya kuelea. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, na mwili wa kalipa unarudi nyuma kuvuta pedi ya nje kwa nguvu ileile. Kalipa ya pistoni 6 imekazwa mahali pamoja, pistoni tatu huku na tatu kule, zinasukumana uso kwa uso. Kwa hiyo ukipima nguvu ya kubana unahesabu upande mmoja tu, yaani tatu.

Ile kalipa kubwa ya General Motors ya pistoni moja, ambayo kwa maelezo yako naamini ndiyo uliyonayo, ina pistoni ya inchi 2 na 15/16. Eneo lake ni karibu sentimita za mraba 44. Kalipa nyingi za pistoni 6 zinazouzwa kwa magari haya, ukijumlisha pistoni tatu za upande mmoja, unapata kama 26. Soma tena: 44 dhidi ya 26. Diski ya inchi 14 inakurudishia kitu, kwa kuwa pedi inabana mbali zaidi na katikati, kama mara 1.3 ya diski ya 11. Zidisha 26 kwa 1.3 unapata 34. Bado hujaifikia 44.

Maana yake, ukifunga ile seti kubwa huku masta na busta na pedali vikibaki vilivyo, kwa mguu uleule gari litasimama vibaya zaidi kuliko sasa, karibu robo. Utakuwa umenunua rimu, matairi, diski na kalipa ili pedali izidi kuwa ngumu. Seti kubwa inakwenda na masta ndogo, na hilo wauzaji wengi hawalisemi mpaka uwapigie simu kulalamika.

Haidro_Kwanza

Naongezea kwa kuwa mimi nilitokea kwenye tatizo hilihili, injini tofauti lakini kamshafti ya tabia hiyohiyo. Nilihamia kwenye busta ya haidroliki, ile inayotumia presha ya pampu ya stelingi badala ya vakyumu. Zimo kwenye magari mengi ya mizigo, na hata Ford Mustang GT za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa nazo. Ni fupi na nyembamba, kwa hiyo vifuniko vya valvu havigongwi tena. Kamshafti iwe kali namna gani, yenyewe haijali.

Pedali sasa ni laini kiasi kwamba wiki ya kwanza abiria walikuwa wanalalamikia shingo.

Mambo ya kuzingatia: mafuta yanatoka kwenye pampu, yanapita kwenye busta, ndipo yanakwenda kwenye boksi la stelingi. Mirija ya kurudi ni miwili, wa boksi na wa busta, na ni afadhali kila mmoja uwe na njia yake ya kuingia kwenye tangi la pampu kuliko kuiunganisha kwa kiungo cha T. Safisha mfumo wote kabla, kwa sababu chembe ya uchafu ikikwama kwenye valvu ya busta utapata pedali inayojikanyaga au inayochelewa kurudi. Mkanda wa pampu ukikatika, unapoteza msaada wa usukani na wa breki kwa pamoja. Kuna kichupa cha akiba ya presha kinachokupa mikanyago michache ya kusimama, ikiisha hiyo unabaki na mguu wako. Mkanda wangu naukagua kila ninapofungua boneti.

Na kwa yale matundu aliyoyataja mama, busta hii inataka fimbo iwe tundu la chini na masta kubwa. Ukiiunganisha na masta ndogo utapata presha ya kutisha.

Nyumba_ya_V8

Shikamoo mama. Nimerudi na majibu.

Vakyumu kwenye P ni inchi 12. Kwenye D inashuka mpaka 9, na sindano inacheza. Mpira umetokea nyuma ya kabureta, tundu kubwa, mpira wenyewe mnene. Nikiwasha injini huku nimebana pedali, inazama kidogo, kwa hiyo busta ni nzima.

Chini ya dashibodi: fimbo iko tundu la chini. La juu lipo, tupu, kingo zake zimechubuka na kung'aa kama palikuwa na pini miaka mingi.

MamaGereji

Marahaba. Kazi safi, na huo mng'aro uliouona kwenye tundu la juu ndiyo historia ya gari lako. Lilitoka kiwandani bila busta, fimbo ikiwa juu. Aliyekufungia seti aliishusha chini kama seti inavyotaka. Hakukosea, seti imetengenezwa kwa injini yenye vakyumu.

Sasa tupige hesabu, nakuomba uifuate polepole.

Tundu la chini linakupa uwiano wa karibu 4 kwa 1, la juu karibu 6 kwa 1. Tuseme mguu wako unasukuma kilo 35, mkanyago wa mtu anayetaka kusimama kweli lakini bila kupagawa.

Ulivyo sasa: 35 mara 4 ni kilo 140. Busta ya inchi 7, ukiondoa kingo zisizofanya kazi, ina kama sentimita za mraba 200. Kwa vakyumu ya inchi 18 ingesukuma kilo 125 hivi. Kwa inchi 9 inasukuma nusu, kilo 62. Jumla kilo 202 kwenye masta ya inchi 1 na 1/8, ambayo eneo lake ni sentimita za mraba 6.4. Unapata kilo 32 kwa kila sentimita ya mraba. Ghala likiwa tupu kabisa na mguu peke yake unafanya kazi, unapata 22.

Sasa toa busta. Hamisha fimbo tundu la juu: 35 mara 6 ni kilo 210. Weka masta ya inchi 15/16, eneo 4.45. Unapata kilo 47.

Umeona? Bila busta yoyote, kwa mguu uleule, unapata presha mara moja na nusu ya unayoipata leo ukiwa na busta. Na ni ileile foleni, ileile barabara kuu, mkanyago wa kwanza na wa tano, haitegemei injini inasikiaje. Siku ya dharura mguu hausukumi 35, unasukuma 50 na zaidi, na hapo unavuka 67. Breki za diski za gari zito kama lako zinataka kati ya 55 na 80 kwa kusimama kwa nguvu zote. Umo ndani.

Bei yake unailipa kwa urefu wa safari ya pedali. Masta nyembamba na tundu la juu kwa pamoja vinafanya pedali itembee zaidi kidogo ya mara mbili ya ilivyo sasa kwa kiasi kilekile cha mafuta. Ndiyo maana sikutajii masta ya inchi 7/8. Ingekupa presha zaidi, 54, lakini kwa kalipa zenye pistoni kubwa kama zako pamoja na dramu za nyuma, pedali ingekaribia sakafu. Kuna wanaotumia ya inchi 1 na kuridhika, inakupa 41 na pedali fupi kidogo. Mimi ningeweka 15/16.

Njia nyingine zipo. Ya Haidro ni nzuri kabisa, na kama mke wako naye ataliendesha hilo gari ningeitazama kwa makini, maana pedali itakuwa laini kuliko hii ninayokuambia. Kuna pampu ya vakyumu ya umeme. Inafanya kazi ila inapiga kelele, na umefunga kwenye breki kitu kingine kinachoweza kuungua fyuzi. Tangi la akiba la vakyumu, lile kopo jeusi, linakuongezea mikanyago kadhaa tu. Halitengenezi kitu, linatunza kile injini ilichokipata ukiwa kwenye mwendo. Kwa mtu anayekaa kwenye foleni, ghala kubwa nalo litaisha.

Kamshafti nyororo zaidi ingemaliza yote, lakini najua hutaki kusikia.

Nyumba_ya_V8

Kamshafti haiguswi mama 😂

Ila swali: masta ya mguu mtupu, yaani isiyo na busta, ninunue yoyote ya 15/16 au kuna ya aina yake?

MamaGereji

Hapo ndipo nilipotaka ufike, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa.

Chungulia nyuma ya masta, mahali fimbo inapoingia kwenye pistoni. Masta za busta nyingi zina kishimo kifupi, kwa kuwa fimbo ya busta inatoka na kurudi kwa mstari mmoja na haina pa kwenda. Masta ya mguu mtupu inatakiwa iwe na tundu refu linaloimeza fimbo. Ukifunga ya kishimo kifupi na fimbo ya pedali, pedali ikirudi juu kwa kishindo fimbo inaweza kuchomoka. Mkanyago unaofuata unakuta hewa. Tundu refu, na fimbo yenye kishikizo chake. Hakuna mjadala.

Fimbo iwe ya kurekebishika urefu, na ukishafunga itoke kwenye tundu la juu mpaka kwenye masta ikiwa imenyooka. Ndiyo faida ya kurudi kwenye mpango wa kiwandani: masta inakaa moja kwa moja kwenye ukuta wa injini, na lile bano la kuinamisha busta unalitupa.

Kasuku_Turbo

Kwa hiyo mama diski kubwa ni mapambo tu?

MamaGereji

La hasha. Diski kubwa ni za joto.

Gari hilo na dereva wake nalikadiria kilo 1,700. Ukilisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza nishati ya kilojuli 656. Kutoka 160 zinameza kama 1,680, mara mbili na nusu, kwa sababu mwendo unaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili. Chuma ndicho kinachopokea hilo joto. Diski ya inchi 11 inamudu barabara ya kawaida, hata ikikanyagwa kwa nguvu, ikipata nafasi ya kupoa. Mpeleke mtu kwenye uwanja wa mbio, mizunguko mfululizo, au kwenye mteremko mrefu na 454 chini ya boneti: pedi zinateleza, mafuta ya breki yanachemka, pedali inalala. Hapo inchi 13 au 14 ina maana, na rimu za 17 au 18 zina maana, na masta inapigiwa hesabu upya.

Dalili ni tofauti, ndicho ninachotaka ukishike. Breki zilizozidiwa na joto zinaanza vizuri na kuharibika kadiri unavyozitumia. Za mwenzetu ni ngumu hata asubuhi zikiwa baridi.

Na tukiwa kwenye joto: mafuta ya DOT 4 mapya yanachemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishanyonya unyevu inaweza kushuka mpaka 155. DOT 3 ni 205 na 140. Badilisha mafuta yote unapofunga masta, usijazie juu ya ya zamani. DOT 5, ile ya silikoni, usiichanganye na hizi kabisa.

Babu_Liningi

Nimesoma kimya, naona dramu zinatukanwa. Naomba niseme kidogo kuhusu nyuma.

Bwana mdogo, acha dramu zako. Ukikanyaga breki kwa nguvu uzito unakimbilia mbele. Chevelle ya milango miwili ina mita 2.85 kati ya ekseli. Kitovu cha uzito kikiwa kama sentimita 55 toka ardhini, kwa mkanyago wa nguvu karibu kilo 260 zinahama kutoka nyuma kwenda mbele. Nyuma inabaki na kama kilo 490 kati ya 1,700. Kazi iliyobaki huko dramu inaimudu, na handibreki inafanya kazi kama ilivyokusudiwa bila kuhangaika na kalipa za nyuma zenye parafujo ndani. Tena ekseli ya gari lako nadhani ni ya zile zinazoshikiliwa na kipande cha C ndani ya difu. Inacheza kidogo kuingia na kutoka. Kwenye dramu hakuna tatizo, ila kwenye diski ule mchezo unazirudisha pedi nyuma kwenye kona, na mkanyago wa kwanza baada ya kona unakuwa mrefu.

Ila dramu zifungue uzitazame, kwa sababu masta nyembamba haina mafuta ya kupoteza. Dramu ikiwa imelegezwa mno, nusu ya safari ya pedali inaishia kusogeza liningi tu (ile sehemu ya kusugua iliyo juu ya viatu vya breki).

Kwenye kila gurudumu kuna viatu viwili na havilingani. Chenye liningi fupi kinakaa mbele, chenye ndefu nyuma. Nimefungua dramu nyingi zilizofungwa kinyume na mtu anashangaa breki hazina nguvu. Halafu ile nyota ya kukazia chini: ya kushoto na ya kulia zina uzi wa pande tofauti. Ukizibadilishana, gari likirudi nyuma kifaa cha kujikaza kinalegeza badala ya kukaza. Fungua upande mmoja kwanza na uache wa pili uwe kielelezo.

Kaza nyota mpaka dramu ikwaruze kidogo ukiizungusha kwa mkono, ndiyo urudi nyuma punje chache.

Na valvu ya kugawa presha, kama ni ile ya seti, iache kwanza. Ukishamaliza jaribu mahali peupe pasipo na watu: magurudumu ya nyuma yakikwama kabla ya mbele, weka valvu ya kurekebisha kwenye bomba la nyuma. Ile inapunguza tu presha ya nyuma, haiongezi. Kama nyuma inafanya kazi hafifu kuliko inavyotakiwa haitakusaidia.

Nyumba_ya_V8

Babu shikamoo, nimefungua upande wa kushoto leo jioni. Liningi fupi iko nyuma. Sijafungua kulia bado, naogopa.

Babu_Liningi

Marahaba. Fungua. Afadhali uone.

Nyumba_ya_V8

Kulia iko sawa, fupi mbele. Basi kushoto nakifuatisha cha kulia.

Mpango wangu sasa: dramu za nyuma kwanza. Halafu busta natoa, masta ya 15/16 yenye tundu refu, fimbo tundu la juu, mafuta mapya DOT 4, na mpira wa breki wa nyuma nabadilisha maana ile miwili ya mbele ni mipya lakini huo ni wa zamani sana. Bomba la kutoka kwenye masta itabidi nilikunje upya kwa kuwa masta inasogea. Haidro, nimeihifadhi ya kwako, kama mke akiona mguu unachoka nitakutafuta.

Diski za inchi 14 nimezitoa kwenye kikapu.

Haidro_Kwanza

Karibu wakati wowote. Bomba tumia la shaba na nikeli, linakunjika kirahisi, na mdomo uwe wa kukunjwa mara mbili, nyuzi 45. Wa kukunjwa mara moja unapasuka.

MamaGereji

Mpango mzuri. Masta itoe upepo juu ya meza kabla hujaifunga kwenye gari, ukiwa umeibana kwenye jiliwa ikiwa sawa kabisa, mirija miwili ikirudisha mafuta kwenye vikombe vyake mpaka povu liishe. Skrubu za kutolea upepo kwenye kalipa ziwe juu. Zikiwa chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto na hutaumaliza upepo mpaka kesho kutwa.

Ukishafunga fimbo, rekebisha urefu wake pedali iwe na mchezo wa milimita moja au mbili kabla haijagusa pistoni. Shika kwa vidole, usikie kabisa ule mchezo. Fimbo ikiwa ndefu, pistoni hairudi mpaka mwisho, lile tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikombe linabaki limezibwa, na mafuta yakipata moto hayana pa kutanukia. Breki zinaanza kujibana zenyewe barabarani, kidogo kidogo, mpaka gari linakataa kwenda.

Na swichi ya taa za breki irekebishe upya baada ya kuhamisha fimbo, kwa kuwa pedali itapumzika mahali tofauti. Mara nyingi ni hiyo swichi inayoisukuma pedali chini kidogo na kuumaliza ule mchezo wa fimbo, na mtu anakwenda kulaumu masta.